Mtoto Baada ya Janga: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia, Kuanzia Saa za Kwanza hadi Miezi Inayofuata

Tetemeko, mafuriko, kimbunga au maporomoko ya udongo yakipita, watu wenye huruma hukimbilia watoto kwanza. Ni jambo jema. Lakini mengi yanayowaumiza watoto baada ya janga huletwa na huruma yenye haraka: mtoto anabebwa na gari la kwanza linaloondoka huku mama yake akimtafuta upande wa pili wa uwanja, mtoto mchanga ananyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji machafu, msichana anahojiwa mbele ya kamera siku ya pili baada ya kuzika.

Mtoto aliyenusurika anahitaji vitu viwili kabla ya vingine vyote: watu anaowajua, na siku inayotabirika. Chakula, dawa, hema na vitabu vina maana kubwa, ila vikija kwa gharama ya hivyo viwili, umempa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa wa kushoto. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kufuata wazo hilo. Zinamfaa mzazi, mwalimu, jirani na mtu aliyejitolea kambini.

Hatua ya 1: Mtoe kwenye hatari pamoja na watu wake

Kumhamisha mtoto kutoka penye hatari hakuhitaji mjadala. Kinachohitaji akili ni nani anaondoka naye. Kama mama, bibi, kaka mkubwa au hata jirani aliyemzoea yupo, waondoke pamoja. Ndugu wasigawanywe kwenye magari mawili kwa sababu nafasi imebaki ya mmoja. Wasubiri gari linalofuata, ila kama maji yanapanda au moto unakuja.

Ikibidi watengane, andika. Jina la mtoto, jina la mlezi, alikotolewa, anakopelekwa, nani amemchukua, saa ngapi. Nakala moja ibaki pale mlipotoka, nyingine iende na mtoto, ikiwa imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na kubanwa ndani ya nguo yake. Usiibandike kifuani kila mtu asome. Mtu mbaya anayejua jina la mtoto huwa ameshavuka nusu ya safari ya kumdanganya.

Hospitali nazo hupoteza watoto. Majeruhi mdogo anakimbizwa, kisha anahamishiwa hospitali kubwa, kisha nyingine, na hakuna anayekumbuka alitoka wapi. Ukimpeleka mtoto hospitalini, hakikisha maelezo hayo yameingia kwenye faili lake kabla hujageuza mgongo.

Hatua ya 2: Muangalie mwili, hata kama anasema hana kitu

Watoto huficha maumivu wakiona watu wazima wamechanganyikiwa. Mkague kwa utaratibu, kichwa hadi miguu, mlezi wake akiwepo. Mambo manne husahaulika:

- Aliyefukiwa na kifusi kwa saa kadhaa, akatoka anatembea na kuongea, bado ni mgonjwa wa hospitali. Misuli iliyobanwa kwa muda mrefu humwaga sumu kwenye damu na kuua figo baadaye.
- Aliyezama au kunywa maji ya mafuriko, kisha akaanza kukohoa, kuhema kwa shida au kusinzia kupita kawaida ndani ya saa zinazofuata, apelekwe haraka.
- Kidonda kilichopata tope au maji machafu kioshwe kwa maji safi mengi na sabuni, kisha mhudumu wa afya aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda.
- Mtoto aliyelowa hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, hata mahali pasipo na baridi kali. Mvue nguo mbichi, mkaushe, mfunike pamoja na kichwa. Mchanga awekwe kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi.

Hapo hapo uliza kuhusu dawa za kila siku. Mtoto mwenye kifafa, kisukari, pumu au selimundu huenda dawa zake zimebaki chini ya kifusi, na dawa ya kifafa ikikatika ghafla degedege hurudi kwa nguvu. Waulize pia wenye ulemavu wamepoteza nini: kiti cha magurudumu, miwani, kifaa cha kusikia. Mtoto kiziwi kambini bila kifaa chake hasikii tangazo la chakula wala la hatari.

Na kwenye hema, jiko la mkaa na jenereta zikae nje. Hewa yake haina harufu ya kutisha, na familia nzima inaweza kulala isiamke.

Hatua ya 3: Mtoto aliye peke yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo makosa yasiyorekebishika hufanyika.

Kanuni ya kwanza: mtoto aliye peke yake si yatima hadi ithibitike. Wengi wana mzazi, shangazi au babu anayewatafuta kwa roho juu. Baada ya Kimbunga Katrina kuipiga Marekani mwaka 2005, zaidi ya watoto 5,000 waliripotiwa kupotea au kutenganishwa na familia zao. Walipatikana, lakini wa mwisho alirudi kwa watu wake mwaka uliofuata, na hiyo ilikuwa nchi yenye simu, kompyuta na rejista za kila namna. Baada ya tetemeko la Haiti la Januari 2010, kundi la Wamarekani lilikamatwa mpakani likijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika, likidai ni yatima. Ilibainika baadaye kwamba walikuwa na wazazi walio hai. Serikali ya Indonesia ilikuwa imeliona hilo mapema: siku chache tu baada ya tsunami ya Desemba 2004, ilipiga marufuku watoto wa Aceh kutolewa nje ya mkoa.

Kwa hiyo usimchukue kwako, hata kama nyumba yako ni kubwa na moyo wako ni safi. Usikubali mgeni yeyote amchukue. Usizungumzie kumuasili, wiki na miezi ya mwanzo si wakati wake. Mpeleke kwa ofisa ustawi wa jamii, dawati la watoto, au shirika linalosajili watoto waliopoteana na ndugu. Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana, karibu kila nchi, na haitozwi kitu.

Kabla hujamhamisha kutoka pale ulipomkuta, simama hapo kwanza. Uliza walio karibu: nani anamfahamu? Alikuwa na nani? Ndugu atakayerudi kumtafuta atarudi palepale, kwa hiyo mwache mtu au acha maandishi.

Kumhoji mtoto mdogo ni ufundi. Ukimwuliza "Unaitwa nani kamili?" au "Unakaa wapi?" wa miaka mitatu atakutazama tu. Chuchumaa macho yenu yawe sawa. Mwambie wewe ni nani na unafanya nini. Kisha uliza vitu anavyoviishi:

"Nyumbani unalala na nani?"

"Dada."

"Dada mnamwitaje?"

Anataja jina.

"Mama akitoka asubuhi, anakwenda wapi?"

"Shule."

"Mama anasoma?"

Anatikisa kichwa. "Anapiga kengele."

Sasa unajua mama yake yuko shule fulani, mwalimu au mfanyakazi, na kuna dada mwenye jina. Endelea: ukitoka mlangoni unaona nini? Kuna daraja, msikiti, kanisa, reli, duka? Ulikuwa unacheza na nani? Jirani ana ng'ombe au mbwa? Anayekukata nywele ni nani? Andika majibu kwa maneno yake yeye mwenyewe, pamoja na matamshi yake ya kitoto, anayemfahamu atayatambua. Andika lafudhi, kovu, nguo alizovaa, kitu alichoshika. Usitupe nguo hizo hata kama zimechanika, kwa kuwa mama anaweza kukumbuka kitufe alichokishona mwenyewe.

Akitokea mtu kusema "huyu ni wangu", furahi taratibu. Mwulize aeleze kitu ambacho hujakitaja: jina la utani, alama mwilini, nani mwingine yupo nyumbani. Mtazame mtoto anampokeaje. Kisha mkabidhi kupitia ofisa anayehusika, kwa maandishi, wala si kwa kupeana mkono. Picha ya mtoto usiirushe mtandaoni yenye jina lake na kambi aliyopo. Najua inasambaa haraka na watu hulia wakiiona. Walaghai nao wanaiona.

Wakati ndugu wanatafutwa, familia inayomfahamu ni bora kuliko kituo. Vituo vya watoto huchipuka kila baada ya janga kubwa kwa sababu wafadhili hupenda majengo, na familia maskini huanza kuwapeleka watoto wao huko ili wasome na kula. Ndivyo ilivyokuwa Aceh: wengi wa waliojazwa vituoni baada ya tsunami walikuwa na mzazi aliye hai. Msaada uleule ukipelekwa nyumbani, mtoto habanduliwi.

Hatua ya 4: Maji, chakula na kinga

Baada ya wiki ya kwanza, kinachoua watoto makambini mara nyingi ni kuhara, nimonia na surua.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa nguvu angalau dakika moja, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, maana klorini hushindwa kwenye tope. Chombo kiwe na mfuniko, na mtoto asichovye kikombe ndani. Sabuni ya kunawia ni dawa. Ikibidi uchague kati ya zawadi nyingine na sabuni, chukua sabuni.

Mtoto akiharisha, anza kumpa ORS (mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji mwilini) mara moja na usiache kumlisha wala kumnyonyesha. Pakiti zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika subiri dakika kumi, endelea polepole. Vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku (10 kwa aliye chini ya miezi sita) kwa siku 10 hadi 14, hupunguza muda wa kuhara. Macho yakizama, akishindwa kunywa, akilegea au choo kikiwa na damu, hospitali.

Sasa maziwa ya kopo. Shehena zake hufika kambini mapema kuliko maji safi, na hilo ni tatizo. Mama aliyeshtuka anaambiwa maziwa yake "yamekauka kwa hofu", anapewa kopo, anakoroga kwa maji yaliyopo, chupa haichemshwi. Baada ya tetemeko la Yogyakarta la Mei 2006, watoto waliopewa maziwa ya msaada walionekana kuharisha mara mbili zaidi ya ambao hawakupewa. Hofu inaweza kuchelewesha maziwa kutoka, lakini haiyakaushi. Mpe mama maji ya kunywa, chakula, mahali pa faragha pa kukaa, mtu wa kumshikia watoto wengine, na amnyonyeshe mwanawe mara kwa mara, maziwa yatatoka. Mtoto aliyefiwa na mama au ambaye tayari hakuwa ananyonya anahitaji maziwa ya kopo kweli, na huyo apewe chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya, kwa kikombe badala ya chupa, pamoja na maji salama na kuni za kuchemshia. Kugawa makopo kwa kila anayepita ni hatari.

Utapiamlo hupimwa kwa utepe wa kuzungushwa kwenye mkono wa juu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo ulio chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, anahitaji matibabu leo. Miguu yote miwili ikivimba, vivyo hivyo. Uliza pia kampeni ya chanjo ya surua itafanyika lini: katika dharura huwachanja watoto kuanzia miezi 6, mapema kuliko kawaida, hadi miaka 15. Apelekwe hata kama kadi yake imepotea.

Hatua ya 5: Namna ya kuongea naye

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia ambao umejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Hauhitaji cheti. Tazama nani yuko hatarini au amezidiwa. Sikiliza bila kuchokonoa. Unganisha na familia, habari na huduma.

Kuchokonoa ndiko kunakowashinda wengi. Kumkalisha mtoto na kumtaka asimulie tukio zima "ili atoe ya moyoni" hakusaidii, na shirika hilohilo linashauri dhidi ya kikao kama hicho cha mara moja mara tu baada ya tukio. Akitaka kusimulia, msikilize hadi mwisho. Akitaka kunyamaza na kuchora mstari mchangani, kaa naye mstari uendelee. Ukaaji huo una thamani, ingawa hauna picha ya kupeleka kwa mfadhili.

Maneno yanayofaa ni mafupi na ya kweli: "Uko na sisi sasa." "Kuogopa ni sawa, wengi tuliogopa." "Si kosa lako." Hili la mwisho liseme hata kama hajauliza. Watoto wa miaka minne hadi minane huamini mawazo yao yana nguvu. Aliyegombana na mdogo wake asubuhi ya tetemeko anaweza kubeba hatia kimoyomoyo kwa miaka. Usiseme "usilie", "jikaze wewe ni mwanamume", "wenzako wamepata makubwa zaidi". Usiahidi usilolimiliki. "Haitatokea tena" ni uongo, na tetemeko dogo la usiku litakuumbua. Sema: "Ardhi inaweza kutikisika tena kidogo. Ikitikisika, tutafanya hivi."

Umri hubadilisha kila kitu. Wachanga hulia bila kunyamaza au huwa kimya mno; dawa yao ni kubebwa na mtu yuleyule. Wa miaka miwili hadi sita hurudi nyuma: anakojoa kitandani, ananyonya kidole, anamganda mama hata akienda chooni. Usimwadhibu wala kumtania. Mabadiliko haya mara nyingi huisha yenyewe akitulia. Wa shule ya msingi huumwa tumbo na kichwa, huuliza swali moja mara ishirini. Mjibu mara ishirini, kwa jibu lilelile. Vijana hujifanya wamekuwa watu wazima, kisha hasira zinawaponyoka. Wape kazi yenye maana, kama kusimamia foleni ya maji au kuwafundisha wadogo michezo, lakini isiwe mzigo wa kulea familia nzima.

Mtoto akishikwa na hofu kali, mwili utangulie maneno. Mwambie akanyage chini kwa nguvu asikie ardhi. Ataje vitu vitano anavyoviona. Avute pumzi kama anayenusa ua, aitoe taratibu kama anayepuliza mshumaa usizimike. Fanyeni pamoja.

*Kumwambia kuhusu kifo*

Aambiwe mapema, na mtu anayempenda, mahali pa utulivu. Asije akasikia kwa watoto wenzake kwenye bomba la maji. Tumia neno lenyewe: amekufa. Najua lugha yetu ina staha nyingi kwa jambo hili, na kwa mtu mzima ni heshima. Mtoto aliyeambiwa baba "amelala" ataogopa kulala, na aliyeambiwa "amesafiri" atamsubiri kila jioni. Eleza kilichotokea kwa sentensi mbili: "Nyumba ilimwangukia baba. Aliumia sana, mwili wake ukaacha kufanya kazi, amekufa. Hasikii maumivu sasa." Kisha nyamaza. Anaweza kulia, anaweza kuomba kwenda kucheza. Yote mawili ni msiba wa mtoto: huomboleza vipande vipande, dakika kumi za machozi na saa ya kukimbia. Maneno ya imani ya familia yake yana nafasi yake hapo, yasemwe na familia yake.

Atauliza nani atamtunza. Ni swali la haki, wala si ubinafsi. Uwe na jibu. Mazishi akitaka ahudhurie, akiwa na mtu mmoja wa kumshika mkono tu, aliyeelezwa kwamba anaweza kuondoka naye wakati wowote. Asilazimishwe.

Kama mzazi hajulikani alipo, sema hivyohivyo: "Hatujampata bado. Tunamtafuta. Nikijua kitu nitakuambia." Na ukijua, mwambie.

Hatua ya 6: Rudisha siku

Ratiba ndogo ifuatwe hata chini ya turubai: kuamka, kunawa, kula, kucheza, kusoma, kulala, kwa mpangilio uleule. Kulala hasa. Hadithi ileile, wimbo uleule, mtu yuleyule. Mwangaza kidogo usiku ukiwezekana.

Runinga na simu zenye picha za janga zizimwe watoto wakiwepo. Mdogo akiona nyumba ileile ikianguka mara kumi kwenye habari, kwake zimeanguka nyumba kumi.

Sehemu ya kuchezea inaweza kuwa kivuli cha mti, kamba ya mpaka na watu wazima wawili walioaminiwa, kila siku saa ileile. Usishangae wakicheza janga lenyewe. Watajenga nyumba za mchanga na kuzibomoa, watazika mwanasesere, mmoja atakuwa mwokoaji na mwingine maiti. Hiyo ndiyo njia yao ya kulitafuna jambo. Ingilia tu pale mchezo unapojirudia bila mabadiliko siku nenda rudi na mtoto anazidi kukunja uso, hapo uliza: "Na waokoaji wanafika lini?" Halafu mwache yeye ajibu kwa mikono.

Shule isisubiri jengo. UNICEF ina sanduku la vifaa vya kumtosha mwalimu na wanafunzi 40, na kifuniko chake kikipakwa rangi huwa ubao. Huna sanduku? Mwalimu mmoja, mkeka na saa mbili za asubuhi zinatosha kuanza. Wiki ya kwanza msikimbilie mtaala: imbeni, hesabuni, andikeni majina. Watoto ambao akili haitulii wasipigwe wala kuitwa wazembe, kwani usingizi mbovu hula kumbukumbu. Na kiti cha mwanafunzi aliyekufa kizungumzwe darasani. Kukiondoa kimyakimya kunawafundisha kwamba mtu anaweza kufutika.

Hatua ya 7: Walinde dhidi ya watu

Kambi ni mahali ambapo kila mtu ni mgeni na mlango ni zipu. Vyoo vya wasichana viwe na komeo la ndani na njia yenye mwanga. Pedi zigawiwe bila kupanga foleni ya aibu. Wavulana nao hunyanyaswa, na husema kwa shida zaidi.

Kila aliyejitolea afahamike jina, akaguliwe, na asikae na mtoto mmoja mahali pasipoonekana. Kanuni hii iwahusu na viongozi wa dini na wageni wenye misaada mikubwa. Nisingemruhusu anayeiona ni matusi. Jihadhari na "ufadhili wa masomo mjini", "kazi nzuri ya ndani" na ndoa za haraka za mabinti kwa ajili ya kupunguza midomo. Watoto waambiwe wazi: msaada hauna malipo, na mtu akiutaka mwili wako au siri yako kwa ajili ya chakula, mwambie fulani. Mtaje huyo fulani ni nani, na anakaa hema gani.

Mtoto akikuambia amefanyiwa ubaya, mwamini, usimhoji kwa undani, usiahidi kuficha. Afike hospitalini haraka, ndani ya saa 72 kama ni ubakaji, maana dawa ya kuzuia VVU haifanyi kazi baada ya hapo.

Hatua ya 8: Tambua nani anahitaji mtaalamu

Ndoto za kutisha, kushtukashtuka, kukosa hamu ya kula katika wiki za mwanzo ni majibu ya kawaida kwa jambo lisilo la kawaida, na watoto wengi hupona wakiwa na watu wao. Mtafute mtaalamu ikiwa baada ya takriban mwezi hali haipungui au inazidi: hachezi kabisa, haongei, anaogopa kila kinachokumbusha tukio, anajitenga, anajeruhi wenzake. Usisubiri mwezi akizungumzia kufa au kumfuata marehemu, akijiumiza, au akigoma kula na kunywa. Huyo ni wa leo.

Dawa za usingizi na za kutuliza usimpe kwa ushauri wa jirani. Kwa watoto waliopatwa na mshtuko wa karibuni, dawa za jamii ya diazepamu hazipendekezwi.

Hatua ya 9: Mtazame mlezi

Mtoto husoma uso wa mama kabla ya kusoma hali. Ukimpa mama saa mbili za kulala huku wewe ukiwaangalia watoto, umewatibu wote. Vivyo hivyo wewe uliyejitolea: kula, lala, pokeaneni zamu. Na kama utakuwepo kwa siku chache tu, usijifanye mjomba. Watoto waliopoteza watu hawahitaji mtu mwingine wa kuwapenda sana na kutoweka Jumatatu. Fanya kazi ya jikoni, ya maji, ya kuandikisha, na ukiondoka aga.

Ukiwa mbali na unataka kuchangia

Fedha kwa shirika linalojulikana na lililopo eneo la tukio zina nguvu kuliko mabegi ya nguo kuukuu, ambayo huziba bandari na maghala wakati dawa zinasubiri nafasi. Ukitaka kutuma vitu, uliza kwanza kinachohitajika. Maziwa ya kopo na chupa za kunyonyea usitume.

Miezi inayofuata

Kamera zikiondoka, kazi ndiyo kwanza inaanza. Mvua kubwa ya kwanza baada ya mafuriko, upepo wa usiku, kumbukumbu ya mwaka mmoja: siku hizo hofu hurudi kwa mtoto aliyeonekana amepona. Mwandae mapema, aamue mwenyewe akitaka kupanda mti, kwenda kaburini au kubaki nyumbani.

Maarifa ya kujiokoa nayo hutuliza, yakifundishwa bila vitisho. Katika tsunami ya 2004, msichana wa Kiingereza wa miaka 10 aliyekuwa likizoni Phuket, Thailand, aliona maji ya bahari yakifanya povu na kusogea kwa namna aliyofundishwa darasani wiki mbili kabla, akawaambia wazazi wake, na ufuo ukahamwa. Mwaka 2011, tsunami ilipoipiga Kamaishi, Japani, wanafunzi karibu 3,000 wa shule za msingi na za kati walisalimika kwa sababu walikuwa wamezoezwa kukimbilia mlimani bila kungoja amri. Wakubwa waliwashika wadogo mikono.

Kwa hiyo pangeni mahali pawili pa kukutania familia ikitawanyika, pamoja na ndugu mmoja wa mji mwingine ambaye kila mtu atampigia simu. Mtoto ajue kwa kichwa majina kamili ya wazazi wake na namba moja ya simu. Wadogo huishika haraka ikiimbwa. Piteni njia ya kuokokea kwa miguu, mara ya kwanza mchana, mara ya pili jioni, na mwache yeye awe anaongoza.